Maswali ya Wasomaji: Kuongoza Wageni Baharini

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Lamu na Malindi, kwa wanaopeleka wageni wachache kwa jahazi, mashua au boti kutazama ndege, kasa, pomboo na nyangumi. Tumechagua sita. Zilizouliza jambo moja tumeziunganisha.

Assalaam alaykum. Mimi ni mwongozaji, na nahodha wangu ana mashua ya wageni wanane. Mwezi uliopita tuliwapeleka Takwa, kisiwani Manda, kuona magofu na ndege wa mikokoni. Tulipotoka gofuni tukakuta chombo kimekaa juu ya matope, tukangoja hadi usiku. Nahodha asema kosa ni langu, nami nasema ni lake. Tungefanyaje?
*Msomaji, Shela, Lamu*

Waalaykum salaam, ndugu yetu. Kosa ni la nyote wawili, na lilifanyika kabla hamjang'oa nanga. Nahodha alijua maji yanajaa saa ngapi. Wewe ulijua wageni watakaa gofuni muda gani. Hakuna aliyemwambia mwenziwe.

Kijito cha Takwa hupitika maji yakiwa yamejaa tu, kwa hivyo saa ya maji ndiyo ratiba yenu; chai na picha zitafuata. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 3. Wakati wa maji mafu, yaani maji madogo, ni kama mita 1 tu. Na maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Gawanya kimo chote mafungu 12: saa ya kwanza baada ya kujaa hushuka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa bamvua ya mita 3, saa ya kwanza mmepoteza sentimita 25, hakuna anayeshtuka. Saa ya pili zinaondoka 50 nyingine. Saa ya tatu zinaondoka 75. Wageni wakikawia gofuni saa tatu tangu maji kujaa, mita 1 na nusu imeshakwenda, na mashua yenu imekwenda nayo.

Ingieni kijitoni saa mbili kabla ya maji kujaa. Tokeni isizidi saa moja baada ya kujaa, hata kama kuna mgeni anayetaka picha ya mwisho ya lile kaburi la nguzo. Kuingia na maji yanayojaa kuna sababu: mkipanda fungu la mchanga, kaeni kimya kidogo, maji yenyewe yatawanyanyua. Mkipanda maji yakitoka, kila dakika ya kubishana chombo kinazidi kuketi.

Fanyeni pia kazi hii ya nusu saa. Chukueni pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, mlipige alama za rangi kila sentimita 25 kuanzia ncha ya chini. Kisha pimeni mashua inahitaji maji kiasi gani ikiwa na watu wote na mizigo yote, kwa sababu wageni wanane na madumu ya maji huzamisha chombo kuliko kinavyokaa kikiwa kitupu gatini. Tuseme kinahitaji sentimita 60. Basi baharia wa omo, aliye mbele ya chombo, akitumbukiza pondo na maji yakafika chini ya alama ya 100, aseme kwa sauti, na nahodha ageuze bila kujadiliana. Zile 40 za ziada ni za mawe na mizizi ambayo pondo halikuigusa.

Siku ya kwenda mtaipata kwa mwezi mwandamo, kama wazee wanavyofanya. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, na siku hizo kwetu maji hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, yakapwa kama saa nne asubuhi. Hiyo ni mbaya kwa safari ya asubuhi. Hesabu siku nne au tano mbele, tarehe 6 au 7 ya mwezi mwandamo, au 20 na 21, maji yatajaa kati ya saa moja na nusu na saa mbili na nusu asubuhi. Ndizo siku zenu za Takwa. Jedwali la maji linalotumika sana limepigwa kwa Kilindini. Simameni gatini wiki moja, mwandike saa ya kwenu kando ya saa ya jedwali, na tofauti mtaijua wenyewe.

Kuna jema jingine la kuingia na maji yanayojaa, na hili waongozaji wengi hawalitumii. Maji yakipwa, ndege wa ufukweni hutawanyika matopeni mbali, wageni wanaona vidoto. Yakianza kujaa huwasukuma polepole hadi wakasongamana kwenye kipande cha mwisho kilicho kikavu. Zimeni mashine, jua liwe mgongoni, ngojeni waletwe na maji. Hapo mtamwona yule mweupe wa mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mnene mweusi kama wa ndege asiyelingana na mwili wake. Huyo, ambaye kwa Kiingereza huitwa crab plover, hula kaa. Humkamata, akamtikisa hadi miguu ikatoka, ndipo akammeza. Kwetu huja kupitisha miezi ya Agosti hadi Aprili, kisha hurudi kuzaa kaskazini, pande za Somalia, Bahari ya Shamu na Uarabuni. Huchimba shimo mchangani akatagia humo, na joto la mchanga humsaidia kuatamia. Mwelezeni mgeni hayo wakati ndege yuko mbele yake, si jioni mkiwa mnakula.

Nina boti ya mashine mbili hapa Malindi. Msimu wa nyangumi wageni hunisukuma nisogee, na mwenye kusogea zaidi ndiye apatao bakshishi. Nikikaa mbali nakosa kazi. Umbali gani ni sawa, na nimkaribie vipi?
*Msomaji, Malindi*

Kaka, swali hili limeandikwa na watu watano, nasi tunalichukulia kwa uzito wake.

Nyangumi wenye nundu hufika pwani yetu wakitoka bahari za Antaktika, na wengi huonekana Julai hadi Septemba. Mkubwa hufikia mita 13 hadi 16. Jambo ambalo kila mgeni anapaswa kulisikia kabla ya kupanda boti ni hili: huku kwetu nyangumi hawa karibu hawali chochote. Chakula chao kiko kule baridini. Mama anayenyonyesha hapa anaishi kwa mafuta aliyokuja nayo mwilini, na mafuta hayo hayo ndiyo yatakayomrudisha. Ukimkimbiza nusu saa, umemtoza alichokuwa akimpa mtoto. Akishalielewa hilo, mgeni mwenyewe humwambia mwenzake atulie. Lakini liseme ufukweni. Ukilisema baharini mnyama akiwa mbele, linasikika kama kisingizio.

Mwendo ni huu. Ukiona pumzi yake ikiruka juu ya maji, punguza ukiwa bado mita 300, usizidi noti 5, yaani kama kilomita 9 kwa saa. Mwendee kwa ubavu, nyuma kidogo ya mapezi yake, kisha mwende sambamba. Usimkate mbele, wala usimfuate moja kwa moja nyuma, kwani akisikia sauti mgongoni asiyoiona huhesabu anafukuzwa. Mita 100 ndiyo mwisho. Mama na mtoto tunashauri 200. Boti mbili zinatosha, ya tatu ingoje mbali. Dakika 20 zikipita, ondokeni polepole kwa upande mliojia. Pomboo mwachieni mita 50. Akitaka mwenyewe kuja kucheza kwenye omo, endeleeni na mwendo na njia ile ile.

Mashine usiizime kabisa. Iweke gia huru ikinguruma chini kwa chini. Kwanza, mnyama anajua ulipo. Pili, msimu wa nyangumi ndio msimu wa kusi, na boti isiyo na mashine hugeuzwa ubavu kwa mawimbi. Hapo wageni hutapika na wewe huwezi kujitoa haraka. Kwa sababu hiyo hiyo tokeni saa kumi na mbili asubuhi, upepo ukiwa bado mdogo, mrudi kabla ya saa nne.

Wanaosogea sana hufanya hivyo kwa kuwa hawajui mnyama atatokea wapi. Jifunze kumsoma. Akipinda mgongo na kuinua mkia wote juu, anazama chini. Tazama saa yako, maana anaweza kukaa dakika 5 hadi 15 au zaidi. Alipozama, maji hubaki na duara laini linalong'aa kama limemwagiwa mafuta. Akiogelea karibu na juu, maduara hayo hufuatana, na ukiyaunganisha kwa jicho unapata njia yake. Mtoto ana mapafu madogo, hutoka kuvuta pumzi mara nyingi kuliko mama. Ukiona pumzi fupi za karibu karibu peke yake, mama yuko chini yake. Usisogee hata hatua.

Nawe ujue dalili za kuondoka. Amebadili njia mara mbili. Anakaa chini muda mrefu kuliko alivyoanza. Anapiga maji kwa mkia mara kwa mara, au mama amejiweka kati yako na mtoto. Ukiona moja, safari ya kutazama imekwisha hata kama ni dakika ya tano.

Kuhusu bakshishi: mpe mgeni kazi. Upande wa chini wa mkia una mabaka meusi na meupe ambayo hayafanani kwa nyangumi wawili, kama alama za vidole. Mwambie apige picha mkia unapoinuka, wewe andika tarehe, saa na mahali kwa GPS. Watamu Marine Association huhifadhi rekodi za namna hii. Mgeni aliyeshiriki kumtambua mnyama hukumbuka jina la boti yako.

Boti za sakafu ya kioo hapa kwetu huwarushia samaki mkate ili wakusanyike. Ni vibaya kweli, au ni maneno ya watu wa mazingira tu?
*Msomaji, Malindi*

Ni vibaya kweli. Wanaokimbilia mkate ni aina chache zenye ubabe, na huwafukuza wengine. Walioshiba mkate hawaparui mwani, ilhali pono na kangaja kazi yao ni hiyo. Mwani ukiachwa hufunika matumbawe na vijana wa matumbawe hawapati pa kushika. Hifadhi ya bahari ya Malindi ilitengwa mwaka 1968, na samaki wake hawaogopi watu. Fungeni boti kwenye boya, msitupe nanga, nyamazeni dakika tano, watakuja bila mkate.

Mkiona maji ya Malindi yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, msimlaumu mtu. Kaskazi ikivuma husukuma matope ya mto Sabaki upande wa kusini, kuelekea hifadhini. Mwambieni mgeni kabla hajalipa.

Tuna safari ya siku tatu kwa jahazi hadi Kiwayu, wageni wanane na sisi wanne. Wameuliza kama wataona nguva, na mwenye chombo ataka niwaambie ndiyo. Pia tuchukue maji kiasi gani?
*Msomaji, Mkomani, Lamu*

Usiseme ndiyo. Nguva wa Kenya wamebaki wachache sana, na ijapokuwa maji ya Lamu na Kiunga ni miongoni mwa makao yao ya mwisho, kuna wavuvi waliokaa baharini miaka wasimwone. Mama hubeba mimba miezi 13 au zaidi, huzaa mtoto mmoja, kisha hukaa miaka kadhaa kabla ya mwingine. Mmoja akifa ndani ya jarife, pengo lake halizibiki upesi. Mgeni aliyeahidiwa nguva akamkosa atamsukuma nahodha azunguke juu ya malisho siku nzima, na mashine ndiyo inayomfukuza mnyama.

Mwonyesheni malisho yake. Kwenye nyasi za bahari, maji yakipwa, nguva aliyekula huacha njia: mstari wenye upana wa kama kiganja, nyasi zimeng'olewa na mizizi yake, mchanga umebaki uchi, unapinda mita kadhaa kisha unakoma alipopanda kuvuta pumzi. Kasa hukata majani na kuacha mizizi. Ukiinama pamoja na mgeni juu ya mstari huo, ukauweka mkono wako kando yake kupima, umemwonyesha jambo la kweli. Lakini usiseme ni njia ya nguva kama hujaona mizizi iliyong'oka.

Mkilala ufukweni, huenda kasa akapanda kutaga. Zimeni taa zote na moto uwe mdogo nyuma ya kichaka. Akitoka majini kaeni chini palepale, msisogee anapopanda wala anapochimba. Hapo ndipo hushtuka na kurudi baharini bila kutaga. Akishaanza kudondosha mayai anatulia. Hapo watu wawili wawili wanaweza kumjia kwa nyuma, taa nyekundu hafifu, bila kamera ya mwanga. Asubuhi someni nyayo: kasa wa kawaida, mla nyasi, hupiga mapezi mawili ya mbele kwa pamoja, kwa hivyo alama za kushoto na kulia zinalingana, ng'amba hupishanisha kama mtu anayetambaa.

Visiwa vidogo vya mawe upande wa Kiunga, wakati wa kusi, msivikanyage kabisa. Shakwe wadogo hutaga juu ya jiwe tupu, na ukiwarusha mamia kwa mara moja, jua hufika kwenye mayai. Pitieni mbali, tumieni darubini.

Maji ya kunywa na kupikia: lita 5 kwa mtu kwa siku. Watu 12 kwa siku 3 ni lita 180. Ongezeni siku moja ya akiba, lita 60, kwani upepo ukikataa mtalala siku zaidi. Jumla 240, madumu 12 ya lita 20. Yapangeni chini katikati, mkiyatoa sawasawa kulia na kushoto chombo kisilale upande. Msitegemee visima vya visiwani. Watu wa huko wenyewe maji hayawatoshi.

Nimepewa pesa ya kununua darubini moja. 8×42 au 10×42?
*Msomaji, Watamu*

8×42. Ile ya 10 inakuza mnyama na pia inakuza mtikisiko wa chombo, na mgeni asiyezoea hampati kabisa. Ikirushiwa maji ya chumvi usiifute kwa shati: imwagie kwanza maji yasiyo na chumvi, kwa maana chembe za chumvi ndizo zinazokwaruza kioo.

Mimi ni msichana wa Kibajuni, nimemaliza diploma ya utalii na bahari naijua tangu utotoni. Nataka kufanya kazi ya mwongozaji kwenye meli ndogo za nje, zile za Galápagos na Antaktika. Nianzie wapi?
*Msomaji, Faza, Pate*

Dada yetu, Galápagos iweke kando. Kule mwongozaji lazima awe na leseni ya hifadhi ya taifa, na nafasi hizo zimehifadhiwa kwa wakazi wa visiwa. Sheria zao zisome hata hivyo, zitakufaa hapa: mwongozaji mmoja haongozi zaidi ya wageni 16, na mgeni hakaribii mnyama chini ya mita 2.

Antaktika huajiri watu wa mataifa mengi. Kampuni nyingi za huko zimo katika umoja uitwao IAATO, ulioundwa mwaka 1991. Meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu. Nyingine hazishushi zaidi ya 100 mahali pamoja kwa wakati mmoja, na kila wageni 20 wana mwongozaji wao. Kabla ya kushuka viatu hupigwa brashi na kuoshwa kwa dawa, mifuko na mikunjo ya nguo hukaguliwa mbegu moja moja, na ufukweni ni mita 5 kutoka kwa pengwini. Tangu homa ya ndege ianze kuenea, mgeni haruhusiwi kuketi wala kupiga goti chini. Kazi yako itakuwa hiyo ya brashi na kuhesabu watu kuliko kuhutubia.

Hati ya kwanza ni mafunzo ya msingi ya usalama chini ya STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia: kujiokoa baharini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na wajibu wa mtu melini. Mombasa yanatolewa na Bandari Maritime Academy. Sehemu za kujiokoa na kuzima moto hurudiwa kila miaka 5. Cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mabaharia hakipiti miaka 2. Hapa nyumbani fanya mitihani ya chama cha waongozaji, KPSGA, ngazi ya shaba kisha ya fedha. Ina maswali ya wanyama wa bara pia, usiyadharau.

Kinachoangusha wengi ni boti ya mpira. Meli hizo hushusha watu kwa boti za mpira zenye mashine ya nyuma, na mwongozaji ndiye anayeendesha. Kama Faza umeshika usukani wa mashine, una faida; ila andika saa zako kwenye daftari, kila safari, hali ya bahari, idadi ya abiria, na nahodha atie sahihi. Jizoeze kumpokea abiria kwa mshiko wa baharia, yaani wewe umeshika kigasha chake naye ameshika chako, kiganja kwenye kiungo cha mkono. Mkono wa mtu ukilowa, vidole huteleza, kiungo hakitelezi. Anakanyaga ukingo, kisha sakafu, anaketi, ndipo unamwachia na kumwita wa pili.